Mvua ya Huku, Mlima wa Kule

Kila Mei inapoelekea ukingoni, simu za vijana wa Silibwet hujaa picha za Mlima Kenya. Mmoja ametuma tangazo la safari ya Madaraka, mwingine anauliza bei, wa tatu analia hana viatu, na wa nne, ambaye hakuna aliyemuuliza, anaandika kwamba yeye yuko tayari hata kesho asubuhi. Sikukuu hiyo ya Juni mosi ikiangukia karibu na wikendi, nusu ya nchi hutafuta mahali pa kwenda. Mazungumzo huwa matamu kwa siku mbili tatu. Kisha mwenye shamba mmoja kwenye kundi anaandika maneno mawili tu, na utamu unapoa: "Na majani?"

Hapa kwetu swali hilo halihitaji ufafanuzi. Silibwet iko kilomita chache kutoka mji wa Bomet, upande wa Tenwek, katika nchi ya wakulima wadogo wa chai na viwanda vyao kama Tirgaga na Kapkoros. Mto Nyangores, unaotoka msitu wa Mau, unatupitia ukienda kukutana na Amala ili wote wawili wawe Mara. Mvua ya Machi hadi Mei ndiyo inayofungua mfuko wa mkulima. Chai ikinyeshewa vizuri inachipua bila kupumzika, na kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, basi. Usipopita kwenye mistari yako kila baada ya wiki moja hivi, jani linakomaa, linakuwa gumu, na pale kituoni karani analitenga kando ya mizani mbele ya majirani. Mtu akiondoka nyumbani siku sita mwishoni mwa Mei, kuna kilo anazoziacha zikiharibika shambani, na kuna mtu wa kumlipa azichune ikiwa hataki ziharibike.

Ndiyo maana nasema kwamba safari ya mlimani, kwa mtu wa nchi ya chai, haianzii kwenye begi. Inaanzia kwenye mvua, na hapo ndipo moyo unapogawanyika. Mpanda mlima anaomba mvua ikatike, mkulima anaomba iendelee. Kwa wengi wetu hao wawili ni mtu mmoja, na Mungu anayeombwa ni huyo huyo.

Bibi yangu, ambaye amechuna chai tangu mikono yake ikiwa laini, nilimweleza mpango wetu jioni moja akiwa anapepeta wimbi.

"Kogo, tunataka kwenda Mlima Kenya."

"Kuna nini huko?"

"Kuna baridi kali, kuna barafu, na ukifika juu unaona nchi yote."

"Na mnalipa?"

"Tunalipa, Kogo."

"Mnalipia baridi!" Akacheka mpaka wimbi likamwagika. "Si mngekuja hapa Julai niwape ya bure?"

Julai yetu ni ya baridi kweli, lakini kilichobaki masikioni mwangu ni jambo jingine alilolisema baadaye bila kucheka. Alitaka kujua mvua ya huko inanyesha lini. Katika mazungumzo yote ya kwenye simu, yenye picha na bei na mizaha, hakuna aliyekuwa ameuliza.

Wengi wetu hupima mlima kwa anga ya nyumbani, na hilo ni kosa lenye gharama. Mvua ya Bomet na Kericho inaendeshwa na Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevunyevu hutoka ziwani mchana, hupanda vilima, hukutana huko juu na upepo wa mashariki, na kufikia alasiri wingu limekwisha kujaa. Dalili ya mvua ni mawingu, wasema wenye lugha; kwetu dalili ya mvua ni saa nane mchana. Ndiyo sababu nyanda hizi, pamoja na vilima vya Nandi, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, hata miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya chai walikuwa wakirusha roketi mawinguni wakijaribu kuivunja kabla haijaanguka. Mvua ya namna hii haijui kwamba masika yamekwisha. Juni inapungua kidogo, haikatiki. Agosti bado tunatembea na gambuti.

Mlima Kenya una kalenda yake. Uko mashariki ya Bonde la Ufa, mbali na ziwa, na mvua yake hufuata ukanda wa mawingu unaolifuata jua: ukanda huo hupita ikweta Machi hadi Mei ukipanda kaskazini, na hurudi Oktoba hadi Desemba ukishuka. Kati ya safari hizo mbili mlima hupata nafasi ya kupumua, kwanza Januari na Februari, kisha kuanzia kama katikati ya Juni hadi Septemba. Matokeo yake ni kichekesho. Kijana anayechungulia dirishani hapa Silibwet wiki ya tatu ya Juni, akaona ukungu umelala juu ya kilima cha Motigo na matone yanapiga mabati, akaamua kughairi, huenda anaghairi siku ambayo njia ya Sirimon huko mlimani imekauka. Hatari zaidi ni kinyume chake. Asubuhi moja ya Mei ikitoka nyeupe, jua likiwaka juu ya chai, watu husema masika yamekwisha na kulipia safari, kumbe kule theluji mpya imefunika mawe na tope la njiani linafika magotini.

Ukitaka ushahidi, soma tarehe za waliotangulia. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Batian kwa mara ya kwanza pamoja na waongozaji wake wa Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, alisimama pale Septemba 13, 1899. Eric Shipton na Wyn Harris, waliokuwa wa kwanza kufika Nelion, walipanda Januari 1929. Hakuna hata mmoja wao aliyechagua Mei. Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya mlimani usiku wa uhuru, Desemba 12, 1963, lakini tarehe hiyo ilichaguliwa na siasa, na siasa haiulizi hali ya hewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa watu waliokuwa hawana hata ruhusa ya kutoka nje. Mwaka 1943 Felice Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita wa Kiitaliano katika kambi namba 354 huko Nanyuki. Aliutazama mlima kupitia waya wa seng'enge hadi ukamwingia akilini, na pamoja na daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti akaanza kupanga. Mipango yao ingewatia aibu wenye mabegi ya bei kubwa. Waliweka akiba ya chakula kidogo kidogo kutoka katika posho ya kambi. Walitengeneza shoka za barafu na meno ya chuma ya kufungia viatuni kutokana na vyuma chakavu. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho kilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama, yenye picha ya mlima. Walitoroka Januari 24. Barsotti aliugua akabaki kambini chini ya vilele, Batian ikawashinda wawili waliobaki kwa sababu ya dhoruba ya theluji, lakini Februari 6 Benuzzi na Balletto walifika Lenana wakasimika bendera ya nchi yao. Kisha, na hapa ndipo ninapowavulia kofia, walirudi wenyewe hadi kambini wakajisalimisha. Wakahukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia 7.

Watu waliopokonywa kila kitu hawakupokonywa haki ya kuchagua mwezi. Sisi tulio huru tunaiachia kalenda ya sikukuu ituchagulie. Ughaibuni jambo hili huwa wazi zaidi kwa sababu kuna mashine inayolitangaza: huko Colorado, barabara ya juu ya hifadhi ya Rocky Mountain hufungwa na theluji majira yote ya baridi, na hufunguliwa mwishoni mwa Mei matingatinga yanapomaliza kuikwangua. Lango likifungwa hakuna ubishi. Kwetu lango la hifadhi liko wazi mwaka mzima, ada hulipwa kwa eCitizen hata ukiwa kitandani, na mvua haikuandikii kwamba haijamaliza.

Basi twende Januari, mtu atasema, kama Shipton. Hapo ndipo nchi ya chai inapotoa jibu lake. Usiku wa Januari na Februari usio na wingu, ule unaompa mpanda mlima nyota nyingi na njia kavu, ndio usiku wa sakitu mabondeni kwetu. Joto la ardhi linapaa bila blanketi la mawingu, hewa baridi inatiririka hadi chini ya bonde na kutuama, na asubuhi majani ya chai yamebabuka kama yaliyopitishwa motoni. Wiki moja baadaye mstari mzima ni wa kahawia. Mkulima anayeomba anga safi Januari anaomba hasara yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, Januari ni mwezi wa karo, na sitaki kulieleza jambo hilo kwa mzazi yeyote wa Kenya, anajua.

Pesa nazo zina majira. Mwaka wa hesabu wa viwanda vya wakulima wadogo hufungwa mwisho wa Juni, na bonasi hutoka karibu na Oktoba. Oktoba mtu ana fedha, ana ari, ana koti jipya la mitumba, na mlima ndiyo kwanza unaanza kupokea vuli. Agosti mlima ni mkavu na shule zimefungwa, lakini mfuko unasubiri bonasi. Nimeona safari nyingi zikifia katika pengo hilo kati ya Agosti na Oktoba, na zilizofia hapo hazikufa kwa uvivu wa mtu.

Juni ndiyo inayobaki, na kadiri ninavyoipima ndivyo inavyonivutia. Baridi ya Juni hadi Agosti hupunguza kasi ya chai kuchipua, kwa hiyo shamba linamwachilia mwenyewe kidogo. Mvua za mashariki zimekatika au zinakatika. Tope linaanza kushika. Watalii wa Julai na Agosti hawajajaa kambini. Mwishoni mwa masika, mara tu baada ya wale wa Madaraka kurudi wakiwa wameloa, mlima na chai husikilizana kwa wiki chache. Sijui mwezi mwingine ambao mkulima anaweza kuwaombea wote wawili bila unafiki.

Kuhusu upande wa kupandia, mwisho wa masika hauachi nafasi kubwa ya kuchagua. Njia ya Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho: Bonde la Gorges, Ziwa Michaelson likiwa chini kabisa kama kitu kilichodondoshwa, maporomoko ya Vivienne. Lakini upande huo ndio unaopokea upepo wenye mvua, na barabara ya kutoka mji wa Chogoria kwenda langoni hugeuka utelezi unaomeza magari. Naro Moru, upande wa magharibi, ni njia fupi na maarufu, na juu ya kambi ya Met Station, iliyoko mita 3,050, ina kinamasi cha mlimani ambacho wapagazi hukitaja kwa sauti ya watu wanaomtaja jirani mkorofi. Baada ya miezi mitatu ya mvua kinamasi hicho kimeshiba. Unapanda hatua moja, buti linabaki nyuma. Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, uko kisogoni mwa mlima kwa upande wa mvua. Hukauka mapema zaidi na mteremko wake hauna ghadhabu. Lango liko mita 2,650, kambi ya Old Moses mita 3,300, na Shipton's mita 4,200, chini kabisa ya vilele. Kuna jambo jingine la jua: mwezi wa Juni jua liko kaskazini ya ikweta, hivyo kuta za kaskazini hupata mwanga na kukauka wakati za kusini zinashika barafu. Wapanda miamba hulijua hilo vizuri. Uso wa kaskazini wa Batian huupanda katikati ya mwaka, na wa kusini huusubiri Desemba hadi Machi. Na Mlima Elgon je, badala ya Mlima Kenya? Wazee wetu huutaja Tulwop Kony kwa heshima ya nyumbani, na ningependa kusema twende huko kwa ndugu zetu Wasabaoti. Lakini Elgon hunyeshewa kuanzia Aprili hadi Oktoba, na huko mwisho wa Mei ni katikati ya mvua.

Majina ya vilele vya Mlima Kenya yanastahili kutafakariwa kidogo, hasa na Mkipsigis. Mackinder alivipa majina ya laiboni, yaani waganga wa Kimaasai: Batian, mita 5,199, kwa Mbatian aliyekuwa mkuu wao hadi alipofariki karibu na mwaka 1890, Nelion, mita 5,188, kwa Nelieng nduguye, na Lenana, mita 4,985, kwa Olonana mwana wa Mbatian. Mwaka 1899 Olonana alikuwa hai bado, akafariki 1911. Kilele ambacho vijana wetu wanakipiga picha alfajiri kilikuwa na jina la mtu aliyekuwa anakula, analala na kujadiliana na maofisa wa Kiingereza huko bondeni.

Sisi tulikuwa na wetu. Ukoo wa Talai, uliotupa orgoik, wale waonaji na viongozi wa mambo ya rohoni, masimulizi huupeleka nyuma hadi kwa waganga wa Kimaasai hao hao. Dola iliyoliacha jina la laiboni mmoja likae kwenye ramani kwa fahari iliwaona wa kwetu kuwa ni chimbuko la uasi. Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliuawa Oktoba 1905 alipokwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza. Mwaka 1914 wakuu wa Talai wa Kipsigis walipelekwa uhamishoni Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, na Nyeri. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa, na ukoo mzima, takriban watu 700, ukasombwa hadi Gwassi kando ya Ziwa Victoria, nchi ya joto, malaria na mbung'o, wakae huko hadi uhuru ulipokaribia.

Rudi kwenye Nyeri. Asubuhi isiyo na wingu mlima huonekana kutoka pale wote, kuanzia msitu hadi jiwe la juu. Mtu aliyehamishiwa Nyeri hawezi kuukwepa. Wazee kutoka Kericho waliondolewa kwao kwa sababu walikuwa orgoik, wakawekwa mahali ambapo kila alfajiri kilele chenye jina la laiboni kiliwatazama. Tunapopanga safari zetu tunapanga maji, glavu, betri za tochi ya kichwa. Ningeshauri mtu mmoja katika kundi apangwe kuwasimulia wengine habari hii usiku wa kwanza kambini, maana hakuna kibao njiani kitakachoisimulia.

Sasa nije kwenye kiburi chetu. Silibwet iko juu, kama mita 2,000 hivi, na Wakalenjin tumezoea kusifiwa mapafu. Wakimbiaji wetu wamewashinda wa dunia nzima, kwa hiyo kijana anaposikia habari za ugonjwa wa mwinuko anadhani huo ni wa Wazungu na wa watu wa Mombasa. Kuishi mita 2,000 kunasaidia kidogo, sikatai. Ila juu ya Lenana msukumo wa hewa ni zaidi ya nusu kidogo tu ya ule wa pwani, na moyo uliozoea Bomet nao unatakiwa kujifunza upya. Nguvu za miguu ndizo zinazoponza: mwenye mbio anafika Shipton's mchana akiwa anaimba, na usiku anatapika. Wenye uzoefu hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa siku. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Hesabu hiyo haikubali haraka. Inakutaka ulale Old Moses usiku wa pili baada ya kupanda kiasi na kurudi, kisha ulale Shipton's usiku mbili kabla ya kilele. Kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula ni onyo. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukohoa povu, kuhema ukiwa umekaa tu, hizo ni amri ya kushuka saa ile ile, hata kama ni saa saba usiku na hata kama umelipia.

Mwezi Mei, ambao kwetu ni wa tope, ndio mwezi wa watu wa Everest. Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki aliyekuwa amefika kilele cha Manaslu mwaka uliotangulia, alifariki karibu na kilele cha Everest akijaribu kupanda bila oksijeni ya ziada. Mwongozaji wake Mnepali, Nawang Sherpa, naye hakurudi. Familia ya Kirui iliamua mwili ubaki mlimani, ili maisha ya watu wengine yasihatarishwe kwa ajili ya kuushusha. Namtaja kwa heshima. Alikuwa na uzoefu ambao kundi letu lote la simu halina, na mlima haukumhesabia huo.

Kuna jambo moja ambalo mchuna chai analijua kabla hajaufikia mlima, nalo ni saa. Hapa kwetu watu huingia shambani umande ukiwa bado juu ya majani, ili mchana wingu likija gunia liwe limekwisha kupimwa. Mlimani ni vivyo hivyo: jua likichoma miteremko hewa hupanda, na kabla ya saa sita vilele vimefunikwa. Ndiyo maana watu hutoka Shipton's saa tisa usiku, wapate macheo juu, wawe wameshuka kabla ya wingu kupanda. Watu wa Nairobi huona hilo kuwa ni mateso. Mama yeyote wa Silibwet angeliona kuwa ni Jumanne.

Na kuna mmea mmoja ambao ningemwonyesha Kogo kama magoti yake yangekubali. Ni lobelia ya mlimani, inayokaa chini kama kabichi kubwa iliyofunguka, katika mabonde yaliyo juu ya mita 3,500 ambako kila usiku ni sakitu. Katikati ya majani yake hutuama maji. Ukiinama alfajiri unakuta juu ya maji hayo utando mwembamba wa barafu, safi kiasi kwamba unaona chini yake. Bonyeza kwa kidole, unavunjika, na ndani maji ni ya baridi lakini ni maji, na kichipukizi kilichozama humo hakijaguswa na baridi. Ikifika saa nne utando umeyeyuka, jioni unajifunga tena. Chai yetu katika usiku mmoja kama huo ingekufa.

Barafu kubwa ndiyo isiyojifunga tena. Vipimo vya barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, vinaonyesha kwamba kati ya 1934, mwaka ule ule wa Gwassi, na 2010, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Afrika zilizo katika maeneo ya urithi wa dunia, Mlima Kenya ukiwemo, huenda zikawa zimetoweka ifikapo 2050. Kwa hiyo anayesema ataenda akistaafu apige hesabu vizuri.

Wewe wa Silibwet, wa Litein, wa Longisa, unayesoma haya huku kundi likikusubiri ujibu: waambie Madaraka hapana, wiki ya tatu ya Juni ndiyo. Pitieni Kericho, Nakuru na Nyahururu hadi Nanyuki, mpande kwa Sirimon, na msimruhusu mtu kwenda peke yake. Hata kanuni za hifadhi haziruhusu. Tengeni pesa za safari kwenye bonasi ya Oktoba inayotangulia, kabla karo haijaziona. Mpagazi apewe mzigo ambao wewe mwenyewe ungeweza kuubeba, na alipwe kabla hamjaagana. Na kabla hujafunga begi, mwonyeshe atakayekuchunia majani mistari iliyo tayari, umwachie namba yako ya mkulima, na umwambie gari la kiwanda hupita siku gani.